Kijiko Kilekile cha Mafuta ya Tumbo

Katika familia niliyoolewa, mimba haihesabiwi kuwa imetangazwa mpaka chupa ya mafuta ifike. Unaweza kuwa na kadi ya kliniki, tumbo likawa limeshatokeza hata muuza duka wa jirani ameacha kukuita dada na kuanza kukuita mama kijacho. Kwa mama mkwe wangu wewe bado ni mwanamke anayesubiri chupa. Yangu ilikuja Mbeya kwa basi kutoka Mafinga, katika baridi ya mwezi wa saba, imefungwa kwenye kipande cha kitenge kilichopauka na kukazwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi yake, na ndani yake mafuta ya rangi ya asali.

Tunayaita mafuta ya tumbo. Mama mkwe huyatengeneza mwenyewe, na mwaka niliochumbiwa nilimwona akiyatengeneza. Anakata mchaichai nyuma ya jiko, anakwanyua majani machanga ya mkaratusi ulio mpakani mwa shamba, anayaanika kivulini mpaka yanyauke, kisha anayaloweka kwenye chupa ya mdomo mpana iliyojaa mafuta ya alizeti. Chupa hiyo inapandishwa juu ya bati la jiko na kukaa juani kwa wiki nyingi, mpaka mafuta yanywe harufu ya majani. Hayo ndiyo anayaita mafuta mama. Akitokea mjamzito, anachukua alizeti safi, anatia kijiko kimoja cha mafuta mama, anatikisa, basi. Kijiko chenyewe kina mpini uliopinda na hakitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Mtu akikosea akakorogea nacho chai, nyumba nzima itajua.

Mjamzito anapaka tumbo, mapaja na matiti. Mtoto akishazaliwa na kitovu kikadondoka, bibi anamlaza mapajani na kumpaka mafuta mama yenyewe, bila kuyachanganya: mgongoni, kifuani, na kidogo chini ya pua ili kifua kisishike baridi. Siku hiyo lazima mjomba awepo, yeye ndiye anayeshika chupa. Mume wangu ameshika chupa kwa watoto wote wa dada yake mkubwa, na kila mara amerudi nyumbani ananuka kama dawa ya kikohozi.

Mimi nilisomea takwimu chuo kikuu, lakini usumbufu wangu ulianza kabla ya chuo. Mafundisho ya kipaimara niliyamaliza kwa sababu mwalimu alichoka, siyo kwa sababu maswali yaliisha. Mume wangu husema nikifika mbinguni nitamwomba malaika kitambulisho. Kwa hiyo siku ile ya kwanza, nikiwa mchumba tu, nimekaa kwenye kigoda na adabu yangu yote, nilimwuliza mama mkwe mtarajiwa: "Mama, hawa waliopakwa na wale wasiopakwa wanatofautiana vipi?"

Akanitazama. "Wasiopakwa ni akina nani?"

Akanyoosha mkono kuwaonyesha watoto na wajukuu waliokuwa uani, wote waliopakwa, wote wazima, mmoja anakimbiza kuku. Mjadala ulifia hapo. Katika familia ile hapakuwa na wa kulinganisha naye.

Sasa mimba ilikuwa yangu, na maswali yalikuwa yameongezeka. Mwanamke akipata mimba leo, kila mtu ana kitu cha kumpaka. Dukani Mwanjelwa niliwahi kusimama mbele ya rafu ya vichupa vidogo vya kahawia, vile vyenye kifuniko cha kudondoshea matone: karafuu, mchaichai, mti wa chai, mkaratusi, waridi. Muuzaji alikuwa msichana wa rika langu, kucha zimepakwa vizuri.

"Hii inaondoa michirizi, dada. Hii ya chunusi. Hii unatia kwenye mafuta yako ya kawaida, ngozi inakuwa kama ya mtoto."

"Mjamzito anaruhusiwa?"

"Ni kitu cha asili, dada. Cha asili hakina madhara."

"Upupu nao ni wa asili."

Mama mmoja aliyekuwa ananusa waridi akarudisha kichupa rafuni taratibu. Muuzaji akaniinamia. "Dada, kama hununui, usinifukuzie wateja. Nenda kaulize polisi."

Mtu mwenye mdomo wa namna hiyo alipokeaje chupa ya Mafinga? Aliipokea vizuri kabisa. Mbeya mwezi wa saba ni baridi kavu, ngozi ya tumbo ilikuwa inavutika na kuwasha, na nilikuwa na hoja zangu. Nilijiambia haya siyo yale makali ya vichupa vya kahawia. Haya ni majani yaliyolowekwa, na yenyewe kijiko kimoja tu kwenye chupa nzima. Tena niliyaona kwa macho yangu yakitengenezwa. Niliridhika na ushahidi wangu. Asubuhi moja ya Jumatatu, baada ya kuoga, nikajimiminia kiganjani na kupaka tumbo lote, nikaimba kidogo.

Harufu ilijaza vyumba vyote viwili. Mume wangu alipiga chafya akiwa sebuleni anafunga kamba za viatu.

"Mama ameamua kutuulia mbu wote wa mtaa huu wa Soweto?"

"Wewe si ulizaliwa humo?"

"Nilizaliwa, lakini hayakuwa yananifuata mpaka sebuleni."

Tulicheka, akaenda kazini. Kufikia saa nne tumbo lilikuwa linawaka kama nimekaa karibu mno na moto. Jioni ngozi ilikuwa nyekundu toka kitovuni mpaka mbavuni, na asubuhi iliyofuata vipele vidogo vilikuwa vimejipanga humo, vingine na maji juu. Nilijitazama kwenye kioo nikaweka mikono pembeni, sikuthubutu kugusa. Halikuwa tumbo langu peke yangu. Kuna mtu humo ndani, hana mahali pa kukimbilia, na mimi ndiye niliyempakia hicho kitu mlangoni pake.

Nilikwenda kliniki na chupa kwenye mkoba. Muuguzi wa zamu ile alikuwa mama wa makamo mwenye sauti iliyozoea kushinda vilio vya watoto. Akaniinua nguo, akatazama.

"Umepaka nini?"

"Mafuta ya asili," nikasema, na nikajisikia nikiongea kwa sauti ya yule msichana wa Mwanjelwa.

"Asili ya wapi? Nipe niyaone."

Akafungua chupa, akainusa kwa mbali, akarudisha kichwa nyuma. Lakini kabla ya kusema lolote juu ya mafuta aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Viganja vinawasha? Nyayo? Kuwasha kulianza kabla ya kupaka au baada? Mkojo una rangi gani? Akanivuta kope za chini kutazama weupe wa macho.

"Nakuuliza hivi kwa sababu wapo wanaokuja hapa wanasema ni mafuta, kumbe ni ini," alisema. "Mjamzito akiwashwa viganja na nyayo, tena hana vipele, asikae nyumbani kubadilisha mafuta. Aje tumpime damu. Wewe yako naona ni ngozi imeunguzwa. Lala."

Akaweka tumboni kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akainama, sikio juu yake. Mimi nilikuwa natazama uso wake, natafuta ishara yoyote. Hatimaye akainuka na kutabasamu upande mmoja.

"Yupo, anakimbia mbio zake. Anacheza?"

"Anacheza sana."

"Basi tulia."

Sikutulia. "Lakini yameingia? Yamemfikia?"

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Sikiliza, mama kijacho. Ngozi inanyonya kidogo. Kiasi gani kinapita, cha mafuta yapi, mimba ikiwa na miezi mingapi, hapo sitakudanganya. Hakuna anayekusanya wajawazito akawapaka ili aone nini kitatokea. Kwa hiyo kwa mengi ya haya mafuta makali tunasema tu: hatujui vya kutosha. Na kama hatujui, wewe unayataka ya nini?"

Maisha yangu yote nimewasumbua watu ili mmoja wao akiri kwamba hajui. Wa kwanza kukiri bila kuzungushwa alinikuta nimelala kitandani nguo imepandishwa, na badala ya kufurahi nilitaka kulia. Nilikuwa nimezoea "hatujui" ya darasani, ile unayoiandika mwishoni mwa jibu na kupata alama.

Aliniambia niyaoshe kwa sabuni isiyo na harufu, nipake mafuta ya mgando tu au alizeti safi. Akasema mafuta ya kichupa, yale yanayopatikana kwa kuchemsha majani na kukamata mvuke, hayapakwi ngozi tupu yenyewe kama yalivyo hata kama huna mimba. Miezi ya mwanzo ni ya kuachana nayo kabisa. Na chuchu zisiguswe, kwa sababu kuna mtu atazitia mdomoni.

"Lakini haya siyo ya mvuke," nikasema. "Ni majani yaliyolowekwa. Nimeona mwenyewe."

Akaifunga chupa na kunirudishia. "Basi majani ya kwenu yana hasira. Kamwulize aliyetengeneza. Na kama huko kuna mtoto mchanga, mkaratusi usimsogelee puani wala kifuani. Vitoto hivi vinabanwa pumzi na vitu vya namna hiyo, tena haraka."

Huko kulikuwa na mtoto mchanga. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa ametoka Chunya anakoishi na mumewe kwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo kwa uzazi wa kwanza. Alijifungua salama siku mbili kabla sijaenda kliniki. Picha ya mtoto ilikuwa kwenye simu yangu: uso wa mzee mdogo aliyeamshwa bila idhini, kofia ya sufu imemfika machoni. Kitovu kilikuwa bado. Kikidondoka, mjomba angeitwa.

Nikampigia mama mkwe simu nikiwa bado nje ya kliniki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Mjukuu wangu hajambo huko ndani?"

"Hajambo. Mama, mafuta ya safari hii uliyatengenezaje?"

"Kama siku zote. Kijiko changu kimoja."

"Hukubadilisha kitu?"

"Nibadilishe nini? Mimi nilianza kuyatengeneza mumeo hajaota meno."

Nikamwambia juu ya vipele. Akacheka kwa upole kabisa. "Huyo ni wa kike. Ameshaanza kukuchosha ngozi. Atakuwa mkali kama mama yake."

"Nesi amesema na mtoto wa wifi asipakwe kifuani. Wala puani."

Nikasikia jogoo wa upande wa pili.

"Nesi wa wapi?"

"Wa huku Mbeya."

"Huyo nesi wa Mbeya anaijua baridi ya huku?" Halafu, kwa sauti ya kufunga mjadala, "Njooni. Wewe ni mtu wa kuona kwa macho. Utaona."

Saa moja baadaye wifi akanipigia, anaongea chini chini. "Wifi, mama kanuna. Anapika, lakini kanuna. Ulimwambia nini?"

Nikamweleza yote, na neno la pumzi nililirudia mara mbili. Akavuta hewa.

"Sasa mimi nitamwambiaje? Nikisema asipake, ataniambia hata wewe ulipakwa. Na kweli nilipakwa."

"Mwambie tu hutaki."

"Wifi, wewe umeolewa humu, mimi nimezaliwa humu. Ukimwambia mama hutaki mafuta yake ni kama umemwambia ulipona kwa bahati." Mtoto akalia kidogo nyuma yake. "Njoo wewe. Kitovu kinaning'inia."

Tuliondoka Mbeya Jumamosi alfajiri. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea utafiti wake. Nilikuwa na hoja ya kwanza, hoja ya pili na jibu la kila pingamizi. Tulipopita Makambako ukungu ulianguka barabarani, na karibu na Mafinga mikaratusi ilitokea pande zote mbili, mirefu, imenyooka, inachuruzika maji. Mume wangu alinisikiliza hoja zote mpaka mwisho.

"Zote ni za kweli," alisema. "Lakini ukimwambia hivyo mbele ya wifi yako atampaka mtoto mara mbili."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Sijasema hivyo. Mimi ndiye nashika chupa. Ikifika hapo sitaitoa. Ila nisingependa ifike hapo."

Sikuwa nimefikiria kwamba na yeye alikuwa na hofu yake. Alikuwa amekunja mikono, anatazama nje. Yule mtu ambaye hakuwahi kumwambia mama yake hapana.

Tulipofika, mama mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono. "Kamwene!" alituitikia kwa salamu ya kwao kabla hatujamaliza kumsalimia, akanikumbatia kwa ubavu ili asilibane tumbo, na sikuona dalili ya kununa. Jikoni moto wa kuni ulikuwa umekolea. Wifi alikuwa amekaa karibu na ukuta na mtoto kifuani, akanitazama kwa macho makubwa. Kitovu kilidondoka jana yake. Kitambaa cha kumlazia mtoto kilikuwa kimeshatandikwa kwenye mkeka.

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kwa hoja ya kwanza. Kilichonizuia ni kwamba nilikumbuka juu ya bati la jiko, nilipopatazama tukiingia uani, palikuwa patupu. Ile chupa ya mdomo mpana, ambayo siku zote hukaa pale imefungwa na kitambaa chekundu, haikuwepo.

"Mama," nikasema, "chupa ya juani iko wapi?"

"Juani wapi? Mwaka huu umeliona jua?" Akaelekeza kidole juu kwenye ukungu kama anamsemea mtu aliyemuudhi. "Niliyapandisha majani, yakaota ukungu ndani ya mafuta. Nikamwaga yote. Jua limegoma toka mwezi wa tano."

Hoja zangu zote za njiani zikaniponyoka. Nikavuta kigoda.

"Sasa uliyatengenezaje? Nifundishe, mama. Na mimi siku moja nitakuwa na wakwe."

Alinitazama kupima kama ni mzaha. Halafu nikaona anafurahi, maana katika miaka yote hiyo nilikuwa nimemwuliza kwa nini, sikuwahi kumwuliza vipi. Akainuka, akafungua kabati la vyombo na kutoa kichupa kidogo cha kahawia.

"Hiki ni cha kikundi chetu cha akina mama wa kanisani. Tumenunua pipa lenye bomba. Unajaza majani ya mkaratusi, unatia maji, unawasha moto chini. Mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji ya baridi, huku mwisho yanadondoka mafuta yenyewe. Safi! Hayahitaji jua. Nikasema hapa nimepona. Nikatia haya badala ya yale ya juani."

"Kiasi gani?"

"Kijiko changu." Akakiinua, mpini umepinda, akaniangalia kama mtu anayemwonyesha mwanafunzi jambo rahisi. "Kilekile."

Mume wangu alisogea mlangoni. Wifi alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Ningeweza kusema hapo hapo, na ningekuwa sahihi. Lakini nilikuwa na swali, na kwa mara ya kwanza lilikuwa swali ambalo jibu lake yeye ndiye alikuwa nalo.

"Mama, ukiloweka juani, unatia majani kiasi gani kwenye chupa nzima?"

"Viganja viwili. Vitatu yakiwa madogo."

"Na kichupa hiki kimetokana na majani kiasi gani?"

"Hiki?" Akakiinua kwenye mwanga wa moto. "We! Hicho ni jasho. Tulijaza pipa, tukakesha nalo toka asubuhi mpaka jioni, kesho yake tukajaza tena. Magunia yale, mwanangu. Wanaume wa shamba la miti walituletea kwa mkokoteni. Kugawana, kila mtu akapata kichupa..."

Akaacha kuongea. Alitazama kichupa, akatazama kijiko. Midomo yake ilisogea kidogo, na nilijua anachofanya, kwa sababu ndicho nilichokuwa nafanya mimi kichwani. Akaweka kijiko chini kwenye mfuniko wa sufuria, polepole.

"Kumbe nimekutumia gunia," akasema. "Mkwe wangu nimempaka gunia zima la mkaratusi tumboni."

Mume wangu akaanza kucheka, akashindwa kumalizia. Mama mkwe hakucheka. "Hebu nione," akasema.

Nikainua nguo. Wekundu ulikuwa umekwisha, imebaki ngozi iliyochubuka na madoa meusi mahali vipele vilipopasuka. Akaweka kiganja pembeni mwa madoa, hakuyagusa. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya jiko.

"Na wewe ukakaa kimya."

"Nilikwambia kwenye simu, mama."

"Uliniambia nesi. Hukuniambia hivi." Akageuka akamtazama mjukuu wake, kile kifua ambacho kingejaa ndani ya kiganja chake, na kitambaa kilichotandikwa mkekani. "Na huyu nilikuwa nampaka hayahaya. Bila kuchanganya." Akakaa kwenye kigoda changu. Hapakuwa na mtu aliyemsaidia kumalizia mawazo yale, na sidhani kama alihitaji.

Wifi ndiye aliyesema. "Mama, alizeti tupu ipo?"

"Ipo."

"Si tumpake hiyo? Mikono ni ileile."

Ndivyo ilivyokuwa. Kichupa cha kahawia kilitolewa nje ya jiko kabisa. Mama mkwe alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akanusa vidole, akanawa mara nyingine. Mume wangu alishika chupa ya alizeti kwa uzito wote wa mjomba, shingo imenyooka. Mtoto akalazwa mapajani, akafunuliwa kidogo kidogo ili baridi isimwingie, na bibi yake akayapasha mafuta moto kati ya viganja kabla ya kumgusa. Mgongo. Miguu, kila mmoja peke yake, kidole hadi kidole. Kifua. Mtoto alikunja uso akajiandaa kulia, akaahirisha.

Halafu kidole cha mama mkwe, kwa mazoea ya miaka mingi, kikaanza kupanda kuelekea puani. Nilikiona kikienda. Kikasimama juu ya mdomo wa mtoto, kikakaa pale hewani, kikarudi.

"Hapo leo tuache," akasema. "Hata kama ni alizeti. Pua ni ya kupumulia."

Nikasikia wifi akishusha pumzi. Mtoto akafunikwa, akalala, ananuka mbegu za alizeti na moshi wa kuni.

Kisha akaniita mimi. "Na wewe njoo hapa. Nimekuunguza, acha nikupoze." Nikakaa mkekani nimeegemea ukuta wa jiko, akanipaka alizeti ileile pembezoni mwa madoa, kwa mizunguko mipana, taratibu. Ndani, mwanangu akarusha teke moja lililonyooka, likapiga kiganja cha bibi yake. Alichekea puani.

"Umeona? Mkali." Halafu mikono ikasimama. "Lakini subiri kwanza. Hii alizeti tuna uhakika gani nayo? Yule mwenye mashine huwa anakamulia nini kabla ya zamu yetu?"

Mume wangu akashika kichwa. "Sasa wamekuwa wawili."

Jumapili iliyofuata mama mkwe alikibeba kichupa mpaka kwenye kikundi chake. Baadaye alinisimulia kwa simu, na alisimulia kwa raha, ingawa haikuwa rahisi. Walikuwa wanajiandaa kuviuza vile vichupa mnadani, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuwaambia watu ni kwa ajili ya mama na mtoto. Walibishana. Mwingine alimwambia kwamba mkwe wake wa Mbeya atawaua kwa njaa. Naye akawauliza swali moja tu: magunia mangapi kwa kichupa? Wakahesabu wenyewe. Sasa wanasema ni ya kutia kwenye maji ya kupigia deki na ya kufukuzia nondo kwenye mablanketi, na anayeuliza kuhusu mtoto anaambiwa hapana. Sijui kama wote wanasema hivyo kila mara. Nimeahidi kuacha kuuliza.

Ngozi yangu ilipona, yakabaki madoa mawili. Wifi alirudi Chunya na mtoto mnene, vumbi la huko likampokea. Kliniki nilikwenda kila nilipotakiwa, na kila mara yule muuguzi aliniuliza viganja vyangu vinasemaje kabla ya kuuliza kitu kingine.

Mwezi wa kumi, tumbo likiwa limeshuka na nimebakiza wiki chache, simu iliita asubuhi. Alikuwa mama mkwe, na kwa jinsi alivyokuwa anaongea nilijua yuko nje, uani, uso ameuelekeza juu.

"Jua limerudi, mwanangu. Jua kali! Nimeshaosha chupa yangu ya juani. Sasa nakuuliza: nitie majani, au nisitie?"

Nilifikiria majani ya kujaza viganja viwili ndani ya chupa nzima, yakinyonywa taratibu. Nilifikiria wale watoto wote uani, wazima, mmoja anakimbiza kuku. Nilimfikiria na yule tusiyemjua bado, ambaye angezaliwa na kifua chembamba, na bibi yake ana mkono wenye mazoea.

"Sijui, mama," nikasema. "Ya juani ni mepesi kuliko yale, hilo nalijua. Zaidi ya hapo, sijui kweli."

Nilisubiri anicheke. Mtu wa chuo kikuu mzima.

"Basi kama hujui wewe na mimi sijui," alisema, "nitatia alizeti tupu, niiweke juani ipate joto tu. Majani yapo, hayakimbii. Mtoto kwanza aje."

Chupa ilifika Ijumaa, kwenye kitenge kilekile. Niliifungua nikainusa, nikainusa tena kwa umakini, kama tabia yangu inavyonitaka. Haikuwa na harufu yoyote ila ya alizeti. Nikamimina kiganjani, nikaanza kujipaka.